Jiko la peleti la kwanza, Malindi: picha tatu za mpwa wangu

Mpwa wangu anajenga Maweni, hapa Malindi. Nyumba bado haina milango ya ndani, lakini ua ameshaupanga: mlimau hapa, karo ya kuparia samaki pale, na kando ya ukuta jiko la peleti, la kufukizia nyama na kubanikia. Juzi usiku akanitumia picha tatu na swali moja: "Shikamoo mjomba. Nichukue lipi?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, kutazama, nimeshazungumza dakika tisa na picha ya pili sijaifikia. Nikafuta. Majibu ni haya hapa, yake yeye na ya yeyote mwenye swali hilo huku pwani, maana maelezo mengi ya majiko haya yameandikwa na watu ambao kwao chumvi hukaa kikoponi, haipeperuki hewani.

Kwanza tulielewe lenyewe. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vya unene wa milimita 6 hivi. Hazina gundi, kinachozishikanisha ni lignini, kitu kilichomo ndani ya mti wenyewe, kinacholainika kwa joto la kushindiliwa. Unazimwaga kwenye sanduku lililo ubavuni mwa jiko. Chini ya sanduku kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota, nayo inazisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma. Humo kikombeni kuna kijiti cha kuwashia kinachoiva chekundu kwa umeme, na feni inayopuliza. Kidhibiti kinasoma joto na kuamua parafujo izunguke au itulie. Unaweka nyuzi 110, unakwenda kuswali, unarudi unazikuta 110. Aliyelibuni ni Joe Traeger, wa Mount Angel katika jimbo la Oregon, Marekani. Alipata hataza mwaka 1986, na ilipokwisha 2006 kila kampuni ikaingia uwanjani. Ndiyo sababu leo majina ni mengi na kuchagua kunachosha.

Sasa picha zenyewe.

Ya kwanza ni jiko la kawaida. Kati ya moto na chakula kuna bati nene la kutawanya joto, na juu yake sinia ya kukinga mafuta. Mwali huuoni kabisa. Ni oveni yenye feni, inayotumia kuni. Majiko mengi ya Traeger ni ya namna hii.

Ya pili kwa nje utadhani ni ile ile, ila bati lake lina tundu lenye kifuniko cha kutelezesha. Ukivuta kipini, mwali wa kikombe unapanda moja kwa moja hadi kwenye nyavu. Pit Boss na Camp Chef wanajulikana kwa hilo. Weber wamekwenda mbali zaidi: Searwood yao ya mwaka 2024 inakuruhusu kubanika juu ya moto uso mzima, na inafika nyuzi 315 hivi.

Ya tatu ni kitu kingine kabisa. Ni jiko dogo la mezani linalopata joto lake kwa koili ya umeme, na peleti ni konzi moja tu kwenye kisanduku cha pembeni, kwa ajili ya harufu. Ninja Woodfire ndilo maarufu.

Moshi

Wengi huvunjika moyo siku ya kwanza, kwa hiyo nalisema mapema: jiko la peleti likifanya kazi vizuri, moshi wake ni haba. Feni inapuliza, peleti kavu zinaungua safi, na moto unaoungua safi hautoi moshi mwingi. Ukipika kwa nyuzi 150 utapata kuku mzuri sana wa oveni, basi. Moshi unaupata chini, kwenye 100 hadi 110, ambako moto ni mdogo na peleti zinafuka kabla ya kushika. Nyama nayo iingie ikiwa ya baridi na mbichimbichi juu, kwa sababu moshi hushika kwenye unyevu. Ni kama kufukiza udi kwenye nguo: nguo iliyokauka kau haibaki na harufu kama ile yenye unyevu kidogo, na ukiweka udi kwenye kaa lenye mwali umeupoteza.

Hapo la kwanza na la pili ni sawa. Anayekwambia kwamba moja lina moshi zaidi kwa sababu lina kitufe cha moshi zaidi, muulize kitufe kinafanya nini. Jibu ni kwamba kinavuruga mzunguko wa feni na parafujo ili moto ufuke. Kinasaidia kiasi. Kinachosaidia zaidi ni bomba la moshi: kipande cha bomba la chuma lenye matundu, urefu wa sentimita 30, unalijaza peleti, unaliwasha upande mmoja kwa moto wa gesi, unalilaza kando ya nyama. Litafuka saa nne bila kuhitaji stima. Likumbuke bomba hilo, nitalirudia.

La tatu, kwa udogo wake, lilinishangaza. Konzi ile ya peleti inafuka badala ya kuwaka, na sanduku la kupikia ni dogo, kwa hiyo harufu inashika haraka. Kwa kuku mmoja au vipande vinne vya nguru halina aibu. Kwa wageni ishirini, sahau.

Kuna moshi mmoja ambao hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kuutoa. Malindi tunajulikana kwa sulisuli wa moshi, vile vipande vyembamba mahotelini vinavyoliwa na ndimu. Huyo amefukizwa kwa moshi wa baridi, chini ya nyuzi 30 au hapo hapo, baada ya kulala kwenye chumvi. Jiko la peleti la kawaida haliteremki chini ya 70 na kitu. Na usidanganyike kumwekea samaki bomba la moshi bila kuliwasha jiko: mchana wa kaskazi hewa yenyewe inapita 30, na utakuwa unamfuga samaki kwenye joto analooza nalo. Fukiza nguru wako kwa moto, aive hadi ndani afike 63, uwe na amani.

Kubabua

Hapa ndipo matangazo yanapopaka rangi. Nyama hugeuka rangi na kupata ukoko uso wake ukipita nyuzi 140, lakini uso wenye maji haupandi zaidi ya 100 mpaka maji yaishe. Ukitaka steki yenye ukoko nje na wekundu ndani, unahitaji moto mkali wa dakika chache, si moto wa wastani wa dakika nyingi.

La kwanza linaishia nyuzi 230 hadi 260, na hilo ni joto la hewa. Kabla ukoko haujaja, ndani kumekwisha kuwa kijivu. Kuna watu huweka bamba zito la chuma cha kusubu juu ya nyavu, wakalipasha nusu saa, na inakubali. Lakini nusu saa ya moto wa juu inakula peleti: kwa moto mdogo jiko la wastani hutumia nusu kilo hadi kilo moja kwa saa, kwa moto wa juu linapita hapo.

La pili linababua kweli. Nimelitumia miaka miwili, silikanii. Ila eneo lenye mwali wa moja kwa moja si pana kuliko sinia ndogo ya kahawa; steki mbili zikikaa, ya tatu inangoja. Halafu kuna jambo ambalo kijitabu kinalitaja kwa herufi ndogo. Umefukiza mbavu saa sita, mafuta yote yamelala kwenye bati. Sasa unavuta kipini na kupandisha joto hadi juu kabisa. Mafuta yale ndiyo yatakayowaka kwanza, na si polepole. Kama utabanika baada ya kufukiza, futa bati kwanza. Mimi nakwangua kwa kipande cha ubao, kisha gazeti.

La tatu linajitahidi. Bamba lake linapata joto zuri, lakini ukilipanga nyama nyingi linapoa na kuanza kuchemsha badala ya kubanika.

Idi ya mwaka juzi

Stima ndiyo inayotofautisha Malindi na Oregon, kwa hiyo nieleze yaliyonipata.

Paja la mbuzi, kilo tatu na ushei, liliingia saa tatu asubuhi. Saa tano na dakika ishirini stima ikapotea. Nikajiambia moto upo, hautazimika mara moja. Kweli haukuzimika. Feni iliposimama, peleti zilizokuwa kikombeni ziliendelea kuungua pasipo mtu wa kuzipulizia, na joto likatafuta njia. Njia iliyo wazi ni ile ya parafujo, na parafujo inaishia kwenye sanduku lenye kilo sita za kuni kavu. Nilikuwa nakata vitunguu vya kachumbari nilipoona uzi wa moshi ukitoka kwenye mfuniko wa sanduku, si kwenye dohani. Nikafungua. Chini, kati ya peleti, kulikuwa na wekundu wa ukubwa wa sarafu. Nilizichota peleti zote kwa bakuli la pilau, nikazimwaga mchangani, nikamwagia maji. Mke wangu hadi leo hajalisahau bakuli lake.

Paja likahamia kwenye jiko la mkaa, nikalifunika kwa sufuria kubwa. Mwishoni nikatupia vifuu vya nazi sita, vikashika, nikaligeuza paja juu ya mwali ule dakika tatu kila upande. Lilikuwa limepata moshi saa mbili na dakika ishirini tu. Shemeji yangu aliuliza kama kuna jingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja, na ndio ninaompa mpwa wangu: jiko la peleti linunue kwa ajili ya moshi. Kubabua tayari unako nyumbani. Kifuu kikavu kinatoa moto mkali kuliko mkaa, hakidumu, na kubabua hakutaki moto wa kudumu. Muuza nazi za kukuna atakupa gunia kwa bei ya kumwondolea takataka. Kulipia pesa nyingi zaidi ili upate mwali wa ukubwa wa sinia ya kahawa, wakati jiko la vifuu liko hatua tatu, mimi sioni hesabu yake. Anayeishi ghorofani asiye na mahali pa mkaa, huyo ana hesabu nyingine.

Kuhusu stima yenyewe. La kwanza na la pili hutumia wati 300 hivi kwa dakika chache za kuwasha, kisha hushuka hadi 50 au hapo karibu, za feni na mota. Kufukiza saa sita ni kama theluthi ya yuniti ya tokeni. Kwa hiyo inveta ndogo yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ile ile inayowasha taa na runinga, italibeba jiko mchana kutwa. Ningekuwa nayo Idi ile, bakuli lingesalimika. La tatu lililotengenezwa kwa soko la Uingereza linapita wati 2,000. Hata likipumzika nusu ya muda, saa sita zinakula yuniti sita au saba, na inveta ya nyumbani haitalitaka.

Na stima ikirudi, usibonyeze tu kitufe. Kikombe kinaweza kuwa kimejaa peleti ambazo hazikuungua. Zikishika zote kwa pamoja, moshi unajaa ndani kisha unalipuka, na mfuniko unaruka. Kimwage kikombe kwanza.

La kontena

Mpwa wangu ana rafiki anayeweza kumletea jiko kutoka Marekani ndani ya kontena, rahisi. Rahisi kweli, lakini kule wanatumia volti 120 na huku 240. Kijiti cha kuwashia cha wati 300 ukikipa volti mara mbili kinavuta nguvu mara nne, wati 1,200, na kinakufa kabla hujavuta kiti. Utasema: nitaweka transfoma ya kushusha. Volti itashuka, lakini mizunguko ya umeme wao ni 60 kwa sekunde na yetu ni 50, na transfoma haibadilishi hilo. Mota za kawaida zitazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, parafujo itapeleka peleti chache, feni itapuliza kidogo, na kidhibiti kitahangaika. Majiko mapya yenye mota za umeme wa mkondo mmoja (DC, kama ule wa betri) hayana shida hiyo ya mizunguko. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 220 hadi 240, endelea. Vinginevyo uwe na fundi wa kwako mwenyewe.

Chumvi na masika

Kuna siku katika mwezi wa Mei ambazo shuka haikauki kwa siku tatu. Peleti ni kama shuka. Zinanyonya unyevu, zinavimba, zinarudi kuwa vumbi. Mwaka wangu wa kwanza niliziacha sandukuni wiki mbili za masika. Nilipowasha, mota ikanguruma, haikuzunguka. Fundi alikuja kutoka mtaa wa Barani, akaivua parafujo, akaigonga chini. Ilikuwa imevikwa koti gumu la rangi ya kahawia. Akaliparura kwa msumari na kunitazama. "Ami, hii ni kuni au saruji?" Saa nne za kazi, na haki yake nilimpa.

Kwa hiyo, lolote utakalochagua, angalia kama sanduku lina mlango wa chini wa kumwagia peleti. Lisilo nao utachota kwa mkono kila ukimaliza, na siku moja utachoka, na siku hiyo itanyesha. Peleti zikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Kabla ya kumimina, vunja moja: ikikatika kwa mlio, nzuri; ikimeguka kimya kama biskuti ya jana, itupe.

Nunua peleti zilizoandikwa ni za chakula. Za majiko ya kupashia nyumba joto zinaweza kuwa na vumbi la msonobari, na utomvu wake unaipa nyama ladha ya turpentaini. Usijitie ubunifu wa kuweka vipande vya mwembe sandukuni pia, parafujo haivijui. Vya mwembe viweke kwenye mkaa, ambako ni vizuri mno. Mwarobaini usiuguse kabisa, uchungu wake unapanda na moshi.

Kutu ni habari nyingine. Majiko mengi ya bei ya chini ni bati lililopakwa rangi inayopulizwa ikiwa unga. Rangi ikichubuka kwenye skrubu, kutu inaanzia hapo, na nyumba iliyo karibu na ufuo haingoji mwaka. Ukienda dukani beba sumaku. Stenlesi nzuri, ile ya namba 304, sumaku haiing'ang'anii. Ya 430 inaing'ang'ania, nayo itashika madoa mapema. Kipime hasa kikombe cha moto na bati, kwa kuwa vina joto na chumvi kwa pamoja. Recteq wamejijengea jina kwa stenlesi, na bei yao inajua hivyo. La tatu lina faida moja kubwa hapa: unalibeba kwa mikono miwili, unaliingiza ndani.

Hayo mawili makubwa ndiyo mtihani. Kuyaacha nje ni kutu. Kuyaweka chini ya banda la makuti ni kucheza na nyumba yako na ya jirani. Cheche moja na upepo wa kusi vinatosha. Yakae chini ya mabati, au yavutwe nje wakati wa kupika, kwa hiyo magurudumu yawe makubwa ya kupita mchangani.

Intaneti ya kuangalia joto kwa simu? Inapendeza. Usiilipie.

Nyama yetu

Video nyingi anazotazama mpwa wangu ni za kidari cha ng'ombe, saa kumi na mbili motoni. Ng'ombe wale wamenoneshwa kwa nafaka, nyama ina mafuta ndani kwa ndani. Kidari cha bucha yetu ni cha ng'ombe aliyetembea kutafuta majani. Ukikipa saa kumi na mbili unapata kiatu. Kwetu kazi ya jiko hili ni bega au paja la mbuzi saa nne hadi tano, mbavu, kuku hadi ndani afike 74, nguru na jodari. Mwambie mchinjaji asilitie panga bega wala paja, maana mkono wake umezoea kukata vipande vya mchuzi kabla hujamaliza kusema. Na ukijua kwamba hutapika usiku kucha, huhitaji jiko kubwa wala sanduku la kilo kumi.

Basi, kwa mpwa wangu: chukua la picha ya kwanza, dogo, la volti 240, lenye mlango wa kumwagia peleti na kikombe cha stenlesi. Pesa itakayobaki nunua betri. La pili ningelikubali kama bei zao zinakaribiana. La tatu ni la dada yako wa ghorofani Mombasa. Na kama ungekuwa hujaamua kwamba unapenda moshi, ningekwambia uanze na lile bomba la matundu ndani ya nusu pipa la mkaa, umalize kilo mbili za peleti, ndipo uzungumze na wenye maduka.

Amejibu asubuhi hii. Hakuuliza juu ya parafujo wala stenlesi. "Mjomba, na kifuniko cha mvua kinakuja nacho?" Hakiji. Kashone turubai kwa wale wanaoshona za mashua, uwaambie waache tundu la hewa upande wa chini, na usilifunike jiko likiwa bado la moto.